Faili la Wasiohesabiwa

Saa nane mchana mlinzi angesomewa shtaka la kuua. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye ubao wa kituo, kwa chaki, chini ya kesi mbili za wizi. Saa ya ukutani ilionyesha mbili na robo asubuhi. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri, na mwavuli wa mpelelezi ulichuruzika sakafuni alipokuwa akisoma.

"Mke wake yuko pale kwenye benchi," alisema koplo, mzee aliyebakiza miezi minne astaafu. "Tangu kituo kilipofunguliwa."

"Kituo hakifungwi, Koplo."

"Basi tangu hakijafungwa."

Mpelelezi alimfuata yule mama. Alikuwa amekaa wima, mfuko wa plastiki magotini, ndani yake shati safi lililokunjwa.

"Habari za asubuhi, Afande."

"Nzuri, mama. Umekunywa chai?"

"Haipiti." Aliupapasa mfuko. "Nimemletea shati. Wanasema akisimama mahakamani asiwe mchafu. Watoto nimewaambia baba yao amewekwa lindo la kutwa na kucha. Leo siku ya tatu. Yule mkubwa ameanza kuniangalia usoni."

"Mume wako aliwahi kukutajia ugomvi na marehemu?"

"Alinitajia. Marehemu alimshtaki kwa meneja kwamba anasinzia kazini. Alirudi nyumbani amenuna. Nikamwambia, wewe husinzii? Akacheka. Yakaisha. Mtu wa kuua haishii hapo, Afande."

Mpelelezi aliingia kwenye chumba cha mahojiano, ambako mlinzi aliletwa bila mkanda na bila kamba za viatu, mkono mmoja umeshika suruali isidondoke.

"Rudia Jumanne," mpelelezi alisema. "Taratibu."

"Nimeshasema mara nne."

"Hii ya tano."

Mlinzi akasimulia. Siku hiyo wafanyakazi wote wa kampuni ya ghorofa ya tatu walikuwa kwenye mafunzo upande wa pili wa mji. Marehemu, mchambuzi wa takwimu, alikuja peke yake, saa mbili na dakika kumi, kumalizia jedwali la mwezi. Alimwandika kitabuni. Hakuna mwingine aliyepita mlango wa mbele. Saa tano na dakika tano alipanda kukagua ngazi za nyuma, akamkuta amelala chini ya ngazi za kupandia ghorofa ya tatu, kichwa kimepasuka.

"Tochi yako ilikuwa chini ya bega lake."

"Ilinidondoka nilipomgeuza. Nilidhani anapumua."

"Na mlango wa nyuma, wa kwenye maegesho?"

"Umefungwa. Funguo ziko mbili, Afande. Moja yangu, nyingine ya naibu meneja. Naibu alikuwa mgonjwa siku hiyo."

"Uliusikia ukifunguliwa?"

Mlinzi alitazama meza. "Nilisinzia kidogo. Kama saa tatu hivi. Sikutaka kulisema hilo, ndilo alilonishtakia."

Mpelelezi aliandika. Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kuingia kwenye faili.

Ndani ya gari koplo alipangusa kioo kwa kitambaa, akawasha injini.

"Naibu ni shemeji wa marehemu," alisema. "Marehemu alimwoa dada yake naibu. Na kadi ya zahanati tunayo, aliileta mwenyewe Jumanne ile ile kabla hatujamwomba. Amefika saa nne kasoro dakika tano, ametoka saa tano. Kutoka ofisini hadi pale ni dakika arobaini, hata ukipaa."

"Daktari anasemaje?"

"Kifo ni kati ya saa tatu na saa tano. Lakini saa nne na dakika ishirini marehemu aliidhinisha jedwali. Jina lake, neno lake la siri. Maiti haiidhinishi kitu, Mkuu. Kwa hiyo alikufa baada ya hapo, na baada ya hapo jengoni alibaki mlinzi peke yake."

"Nani alikuambia kuhusu hiyo saa nne na ishirini?"

Koplo alifikiri. "Naibu."

Ofisi ilikuwa chumba kirefu chenye meza kumi na mbili. Kwenye kiti cha mchambuzi mtu alikuwa ametundika kitambaa cheusi, na mbele yake kompyuta ya mezani, nene, ya miaka mingi iliyopita. Kikombe chake kilikuwa hapo hapo, majani ya chai yamekaukia chini. Mpelelezi aliinamisha kichwa, midomo ikatikisika kwa maneno machache ambayo koplo hakuyasikia. Kisha akavuta kiti.

Aliyewapokea alikuwa fundi wa seva, mwanamke wa makamo aliyevaa sweta juu ya sweta kwa sababu ya baridi ya chumba chake cha mashine. Wenzake walimwita Mama Seva. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Nieleze kazi yenu kama unavyomweleza mtu asiyejua kitu," alisema mpelelezi.

"Tunahesabu. Tovuti nyingi zimekubali tuweke kidude chetu kwenye kurasa zao, mistari michache tu ya msimbo, haionekani. Ukifungua ukurasa, kidude kinaandika: saa fulani, mtandao fulani, mgeni ametumia kivinjari hiki, yaani programu ya kufungulia kurasa, toleo hili, kioo cha ukubwa huu. Mwisho wa mwezi tunajumlisha. Katika kila wageni mia, wangapi wanatumia kivinjari kipi. Jedwali hilo linasomwa na watengenezaji wote."

"Simu yangu ina kivinjari?" koplo aliuliza.

"Inacho, baba."

"Na mimi nimehesabiwa?"

"Bila shaka."

"Bila kuulizwa. Hata sensa hubisha hodi."

Mama Seva alitabasamu, akafuta tabasamu lenyewe haraka kama aliyekosea adabu.

"Jedwali la mwezi huu lilikuwa na tatizo?" mpelelezi aliuliza.

Fundi alitazama mlango, kisha akazungusha kioo chake cha kompyuta ili waone. Kulikuwa na mistari ya rangi. "Hiki ni kivinjari kipya. Mwezi uliopita kilikuwa na asilimia mbili. Mwezi huu kumi na moja. Jumatatu marehemu alikuja hapa, akakaa ulipokaa wewe. Akaniuliza, hawa wageni wapya wanalala saa ngapi? Nikamchorea. Tazama vivinjari vingine: usiku vinashuka, asubuhi vinapanda. Hiki kimenyooka kama uzi. Saa tisa usiku ni sawa na saa tisa mchana."

"Maana yake?"

"Si watu. Ni mashine zimetengenezwa zifungue kurasa. Tuna chujio la kuzizuia, lakini mtu alikuwa amelilegeza."

"Nani anaruhusiwa kugusa chujio?"

"Marehemu na naibu. Mimi hata nikitaka siwezi."

"Marehemu alisema atafanya nini?"

"Alisema hatatia jina lake hapo hata wamfukuze. Alikuwa mtu wa hivyo. Kompyuta yake hiyo alikataa ibadilishwe, alisema lazima mmoja wetu abaki na watu wenye mashine za zamani, la sivyo tutawasahau." Alivuta kamasi. "Halafu Jumanne jedwali likatoka. Kumi na moja ile ile, na jina lake chini."

"Ulishangaa?"

"Nilisema labda amechoka kubishana na shemeji yake. Wakubwa wakikubaliana, mimi nani?"

Mpelelezi alifungua daftari lake ukurasa mpya. "Mtambo wa kuidhinisha unaandika nini?"

"Jina na saa. Basi."

"Hauandiki alikuwa kwenye kompyuta gani?"

"Hapana. Tuliuunda wenyewe, zamani, tulikuwa watatu. Nani angemdanganya nani?"

"Na kamera?"

"Ya ngazi za nyuma imekufa wiki ya tatu sasa. Tulimwambia naibu."

Koplo alitazama saa yake. Saa nne na nusu. Mpelelezi hakutazama yake.

"Kidude chenu kiko pia kwenye tovuti yenu wenyewe?"

"Kiko kwenye kila ukurasa wetu. Tungekuwa watu wa ajabu tusingejipima."

"Nionyeshe Jumanne. Wageni waliofungua kurasa zenu."

Mama Seva aliandika amri, orodha ikashuka. Mpelelezi alisoma mstari kwa mstari, kidole kikifuata bila kugusa kioo. Kisha akarudi juu, akaanza tena.

"Marehemu alikuwa hapa tangu saa mbili. Hakufungua hata ukurasa mmoja wa kwenu?"

"Lazima alifungua. Lakini hutamwona hapo. Sisi hatujihesabu. Kila kompyuta ya mfanyakazi ina alama yake, namba, na mtambo ukiiona unairuka. Iwe hapa, iwe nyumbani, iwe safarini. Tungejihesabu tungeharibu takwimu."

"Mnazifuta?"

"Hatufuti." Fundi alisimamisha kidole juu ya kibodi. "Zinakwenda kwenye faili lingine. La waliotolewa. Tuliliacha tangu mwanzo ili mkaguzi akija aone kwamba hatujihesabu. Hakuja mkaguzi. Sidhani kama kuna aliyewahi kulifungua."

"Lifungue."

Lilichukua muda, kwa sababu lilikuwa na miaka tisa ndani yake. Mvua iliongezeka dirishani. Mama Seva alitafuta Jumanne, akaipata, na mistari ilikuwa michache sana kiasi kwamba yote ilienea kwenye kioo kimoja.

"Namba tatu ni marehemu," alisema. "Kivinjari cha zamani, kioo cha mraba. Huyu hapa saa mbili na robo. Saa mbili na nusu. Saa tatu kasoro dakika nane." Kidole chake kilitelemka. "Halafu hayupo tena."

"Hayupo kabisa?"

"Kabisa."

"Na saa nne na dakika ishirini na mbili, huo mstari?"

Fundi alisogeza uso karibu na kioo, akausoma mara mbili.

"Mama?"

"Huu ni ukurasa wa majaribio. Ukiidhinisha jedwali, mtambo unatengeneza ukurasa wa muda ili uone kama namba zimekaa sawa. Anwani yake inazaliwa pale pale, na anaonyeshwa aliyebonyeza tu. Umma haukuona kitu mpaka saa sita."

"Kwa hiyo aliyefungua mstari huo ndiye aliyeidhinisha."

"Hawezi kuwa mwingine."

"Alama yake ni namba ngapi?"

"Saba."

"Saba ni nani?"

Mama Seva alivua miwani. "Afande, mimi nina watoto wanaosoma kwa kazi hii."

"Yupo mwenzako mahabusu ambaye naye ana watoto. Saa nane atasomewa shtaka. Sikulazimishi kumpenda. Nakuuliza saba ni nani."

Koplo alitazama sakafu.

"Ni kompyuta ya mkononi ya naibu," alisema fundi. Kisha, bila kuulizwa, akaweka miwani tena na kusoma mstari hadi mwisho, kama mtu aliyeamua kuvuka mto akiwa tayari ameloa. "Na mtandao si wetu, wala wa nyumbani kwake. Umesajiliwa kwa jina la zahanati."

"Ile zahanati ya kadi?"

"Jina hilo hilo."

Koplo alipumua. "Kumbe maiti imeidhinisha kutoka foleni ya daktari."

"Chapa ukurasa huu mara tatu," mpelelezi alisema. "Kila nakala utie sahihi, tarehe na saa. Koplo atatia yake chini ya yako."

Nyumba ya msiba ilikuwa na viti hadi barazani, na watu wamejibana chini ya turubai kukwepa mvua. Mazishi yalipangwa saa kumi. Naibu ndiye aliyekuwa akiendesha kila kitu: anapokea simu, anaelekeza magari, anamshika mkono kila anayeingia. Alikuwa mwanamume mnene, shati limeloa mgongoni. Alipomwona mpelelezi alikuja mwenyewe.

"Afande, karibu. Kuna jipya? Dada ameniuliza tangu asubuhi."

"Tupate chumba."

Alimpeleka chumba cha watoto, chenye vitanda viwili na madaftari juu ya dirisha. Koplo alisimama mlangoni. Ilikuwa saa sita na dakika arobaini.

"Homa imepona?" mpelelezi aliuliza.

"Ningeugulia wapi? Msiba wote uko mabegani mwangu."

"Jumanne pale zahanati ulikaa zaidi ya saa nzima. Ulikuwa na kompyuta yako?"

"Naenda nayo kila mahali. Ndiyo kazi."

"Uliifungua?"

"Kidogo. Barua pepe." Alikaa kwenye kitanda cha mtoto, chaga zikalia. "Kwa nini?"

"Kuna mtu mwingine aliyeigusa hiyo kompyuta siku hiyo?"

"Haiguswi na mtu."

Mpelelezi aliandika jibu hilo lote, akamsomea, akamwuliza kama ni sahihi. Naibu akasema ni sahihi. Ndipo akampa ule ukurasa uliochapwa. Naibu aliusoma haraka, kama mtu aliyezoea mistari ya namna ile, na alipofika chini akaanza kuukunja.

"Usiukunje."

"Hii si kitu. Niliangalia jedwali letu kama mtu mwingine yeyote. Limetoka siku hiyo, nikaliangalia."

"Saa nne na dakika ishirini na mbili?"

"Kama ndivyo ilivyoandikwa."

"Jedwali lilifunguliwa kwa umma saa sita. Huo ni ukurasa wa majaribio."

Nje mtu alikohoa, na mwingine akaanza kusoma dua kwa sauti ya chini, wengine wakaitikia. Naibu alisikiliza mpaka ilipokwisha. Mpelelezi naye alisubiri.

"Faili hili mmelitoa wapi?" naibu aliuliza hatimaye. "Mimi sihesabiwi."

"Huhesabiwi. Unaandikwa."

Naibu alipitisha mkono usoni. "Nilitaka tu kuona kama zimekaa," alisema. "Miaka tisa sijaidhinisha jedwali bila kuangalia kama zimekaa."

"Neno lake la siri ulilijuaje?"

"Tarehe ya harusi yao. Hakuwahi kulibadilisha."

"Hao wenye kivinjari walikuahidi nini?"

"Kuwaongozea ofisi yao mpya. Walitaka kupita asilimia kumi, wasikike. Ni namba tu, Afande. Mwezi ujao ningeishusha polepole, asingejua mtu." Aliutazama ukurasa uliokuwa bado mkononi mwake. "Nilikwenda kumbembeleza. Nilimwambia, shemeji, mara moja tu. Akachukua kikombe chake akaelekea ngazini kwenda kukiosha chini, kama vile siongei. Nikamshika bega ageuke. Alipogeuka nikamsukuma. Kikombe nikakirudisha mezani."

"Alikuwa hai ulipoondoka?"

Naibu aliunyoosha ukurasa juu ya goti.

"Nimekuuliza."

"Alikuwa anakoroma," alisema. "Nilijua mlinzi atapanda saa tano."

Koplo, ambaye muda wote alikuwa ameegemea mlango, alisimama wima. Nyuma yake mlango ulisukumwa polepole, na mjane akaingia, nguo nyeusi, sahani mkononi.

"Kaka, hujala tangu jana," alisema. Akawatazama watatu, mmoja baada ya mwingine. "Kuna nini?"

Naibu alikuwa ameinamisha kichwa karibu na magoti. Mjane aliweka sahani juu ya madaftari ya watoto, akatazama karatasi, akamtazama kaka yake tena, na safari hii hakumwondolea macho.

"Mimi nilikaa naye chumba kimoja usiku kucha tukiomba," alisema kwa mpelelezi, taratibu, kama anayetoa taarifa. "Yeye ndiye aliyekuwa akiongoza."

Mpelelezi alisimama, akamshika mkono, akamkalisha kwenye kitanda cha pili. Kisha akapiga simu kituoni. Ilikuwa saa saba na dakika tano.

Waliporudi, hati ya kumwachia mlinzi ilikuwa imekwisha kuandikwa, ikingoja sahihi. Mpelelezi aliisoma yote kabla ya kuitia. Katika ubao mtu alikuwa amefuta mstari wa tatu kwa kiganja, na chaki imeacha wingu jeupe pale jina lilipokuwa.

Mlinzi alirudishiwa vitu vyake kwenye kaunta: mkanda, saa, simu iliyozimika, kamba mbili za viatu. Alijaribu kuzipitisha kwenye matundu, vidole vikakataa. Mke wake alipiga magoti kwenye sakafu yenye maji akamfungia moja baada ya nyingine.

"Ni nani basi?" aliuliza mlinzi.

"Shemeji yake," mpelelezi alisema.

"Yule wa funguo?"

"Yule."

Mke wake alimaliza fundo, akainuka, akampa mfuko wa shati.

"Twende nyumbani. Watoto watatoka shule."

"Mazishi saa ngapi?" mlinzi alimwuliza mpelelezi.

"Saa kumi."

"Nitakwenda."

"Una wazimu?" mke wake alisema, akishusha sauti. "Siku tatu wamekuita muuaji pale. Nusu yao bado hawajaambiwa. Watakutazama wewe, si kaburi."

"Wanitazame. Mimi ndiye niliyemgeuza. Alikuwa bado wa moto, mama. Nisingesinzia ningemsikia." Alivua shati alilolala nalo siku tatu, pale pale mbele ya kaunta, akavaa lile safi. Vifungo navyo vilimshinda. Mke wake alimtazama akihangaika navyo, kisha akasogea na kuanza kumfungia kutoka juu, bila kusema neno jingine la kumzuia.